Mbio za Kumtangulia Mheshimiwa

Ipo nchi moja, msiniulize ni ipi, maana wenyewe hawapendi kutajwa na mimi bado napenda kulala kwangu. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina maziwa, ina barabara zinazopendeza sana zikipigwa picha kutoka angani, na kando ya kila barabara ina mtaro. Mitaro ndiyo fahari ya taifa hilo. Ni mipana, ina mteremko wa taratibu, na ile ya mjini imesakafiwa. Mgeni akiuliza mbona barabara ina mashimo na mtaro umenyooka, huelezwa kwa upole kwamba barabara ni ya wachache, lakini mtaro ni wa wananchi wote.

Desturi ya huko ni hii. King'ora cha msafara wa kiongozi kikisikika, hata kwa mbali, hata kama hujajua kinatoka upande gani, unaingiza gari mtaroni, unazima injini, unashuka, unasimama wima na kutabasamu mpaka msafara upite. Kutabasamu ni sharti. Walikuwapo waliosimama wima bila kutabasamu, na sasa wanafanya mazoezi mahali fulani kwa gharama ya serikali. Kwa hiyo watu wa nchi hiyo wamekuwa mabingwa wa mitaro. Gari la bibi harusi linaingia na shela haipati vumbi. Gari la maiti linaingia na jeneza halitikisiki. Katika shule za udereva somo la kwanza ni mtaro, la pili ni tabasamu, na muda ukibaki wanafunzi huonyeshwa gia.

Sasa katika nchi hiyo alikuwapo binti mmoja aitwaye Sikudhani, mwenye adabu zake na kasoro moja tu: alipenda magari yaende.

Sikudhani alilelewa na shangazi yake, Bi Kidawa, mwanamke mnene wa sauti nene, aliyekuwa na tanuri la mikate na gari bovu la kuisambaza. Gari lilikuwa jekundu lililopauka, mlango mmoja wa kijani, na wote mtaani waliliita Mcharuko kwa sababu halikujua kunong'ona. Wenzake walipokuwa wakicheza mdako, Sikudhani alikuwa chini ya Mcharuko, uso umejaa grisi. Alipopata leseni (mtihani wa mtaro alifaulu kwa shida, wa tabasamu aliurudia), mikate ya Bi Kidawa ikaanza kufika kwenye vibanda vya chai ikiwa bado inatoa mvuke. Wateja walifurahi. Kuku wa barabarani hawakufurahi.

Lakini roho yake ilikuwa kwenye mashindano. Aliyaona kwenye runinga ya kinyozi, mashindano ya nchi za nje, akasimama pale mlangoni mpaka mkate wa watu ukapoa.

"Shangazi, wanapitana!" alisema aliporudi. "Mtu anampita mwenzake, na aliyepitwa hashuki kumtukana. Naye anatafuta njia anampita tena. Wakimaliza wanapeana mikono."

"Hakuna anayekamatwa?"

"Hakuna."

Bi Kidawa aliendelea kukanda unga. "Hiyo itakuwa sinema, mwanangu. Watu wazima hawawezi kupitana hivyohivyo."

"Siku moja na mimi nitapitana na watu, shangazi. Hata mara moja tu."

Bi Kidawa hakucheka. Alimjua mtoto wake, na moyo ulimuuma kidogo.

*

Ikawa siku moja redio ikakata taarabu katikati. Aliyekuwa akizungumza ni Waziri wa Mwendo na Staha, Mheshimiwa Daktari Makeke Fungafunga. Udaktari wake aliupata kwa kuzindua chuo kikuu, na chuo chenyewe kikaona haya kumwacha aondoke mikono mitupu.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu mabeberu wametucheka kwamba hatuendi. Sasa tutakwenda. Tena tutakwenda kwa pamoja, kwa utulivu, na kwa kufuata utaratibu wa nani anafika lini. Natangaza Mashindano Makuu ya Taifa ya Magari! Atakayeshinda atapelekwa katika shule ya mbio za magari ng'ambo, akajaribiwe pamoja na vijana wa mataifa mengine. Nafasi ni moja. Ashinde anayestahili, na anayestahili anajulikana."

Sikudhani hakuyasikia maneno ya mwisho. Alikuwa ameshatoka mbio, aproni kiunoni, kwenda kujiandikisha.

Mashindano yalikuwa chini ya Tume ya Kuratibu Mwendo, ofisi ambayo lifti yake haijawahi kupanda. Katibu wa tume alikuwa Bwana Hewala, mtu mwembamba, mpole, aliyezoea kuitikia kabla hajaambiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kushiriki au kushinda?"

"Nimekuja kushinda."

"Ahaa. Hapo umechelewa. Kushiriki ni kwa wote, karibu sana. Kushinda kumeshachukuliwa."

"Kumechukuliwa na nani?"

"Na Mheshimiwa Waziri. Ataendesha mwenyewe. Ameagiza gari la mbio kutoka nje, zuri ajabu, limewekwa na kishikio cha kikombe cha chai."

"Sasa mtu akimpita?"

Bwana Hewala alimtazama kwa huruma. Kisha akafungua mlango wa chumba cha pili na kuwaita wenzake waje walisikie swali. Sikudhani akalirudia. Walicheka mpaka mmoja wao akaketi sakafuni, na chai ikaletwa.

"Binti yangu," alisema Katibu akijifuta machozi, "mbele ya Mheshimiwa hakukai kitu. Hakukai lori, hakukai ng'ombe, hakukai baiskeli. Kinachokaa mbele ya Mheshimiwa ni gari la king'ora peke yake." Hapo uso wake ukabadilika, akashusha pumzi. "Na hilo gari la king'ora ndilo linaninyima usingizi."

Akaeleza. Misafara ya Mheshimiwa kwa kawaida huenda mwendo wa harusi, kwa ajili ya kupunga mkono. Lakini juzi, katika majaribio, Mheshimiwa alikanyaga mafuta akaligonga gari la king'ora kwa nyuma. Dereva wa king'ora akashuka kuomba radhi. Waliporudia akagongwa tena, akashuka tena kuomba radhi. Sasa amelazwa, hana jeraha lolote, ila kila akisikia mlango unafungwa anasema samahani.

"Hatuna dereva mwenye uwezo wa kukaa mbele ya Mheshimiwa akiwa na haraka," alisema Katibu. "Wote ni mahiri wa mtaro tu."

Sikudhani aliinua kichwa polepole. "Gari la king'ora hutangulia mpaka wapi, mzee?"

"Mpaka Mheshimiwa anapofika."

"Hata kwenye mstari wa kumalizia?"

"Mheshimiwa hajawahi kufika mahali kabla ya king'ora chake!" Bwana Hewala alishtuka kwa wazo hilo. "Watu watajuaje kwamba amefika?"

"Basi nipeni mimi hiyo kazi. Ninalo gari."

Katibu aliguswa na unyenyekevu ule. Alimshika mkono akasema kwamba vijana wa namna hii ndio taifa linaowasubiri, na chai ikaletwa tena.

*

"Yaani umekwenda kuomba kukimbia, umerudi umepewa kupiga kelele!" alifoka Bi Kidawa alipoona mafundi wa serikali wanafunga king'ora juu ya paa la Mcharuko, palepale panapowekwa makreti ya mikate.

"Shangazi, sikiliza. Anayemtangulia Mheshimiwa anafika lini?"

"Anafika kabla ya..." Bi Kidawa akatazama kushoto na kulia, kisha akaufunga mlango wa tanuri kana kwamba nao una masikio. "We mtoto! Utatuuzisha mikate gerezani."

"Nikifika wa kwanza, nafasi ni yangu."

"Na wakikunyima?"

"Wataninyima mbele ya watu wote."

Bi Kidawa alijua kwamba katika nchi ile kunyimwa mbele ya watu wote hakukuwa jambo geni, lakini hakulisema. Alitia mkate wa moto kwenye mfuko akampa asishinde na njaa, akaenda nyuma ya nyumba akalia kidogo kwa hofu, akarudi akaendelea na kazi.

*

Siku ya mashindano nchi nzima ilihamia kandokando ya barabara iliyozunguka ziwa. Washindani walitoka kila mkoa. Palikuwa na seremala aliyetengeneza nusu ya gari lake kwa mbao. Palikuwa na bwana mmoja, Masunga, mfugaji, aliyeuza ng'ombe wake apate tairi mpya, na alikuwa akizipapasa kama bado zina nundu.

Mheshimiwa alipanda jukwaani akiwa na kofia ngumu yenye bendera.

"Ndugu zangu washiriki," alisema, "mwendo si haraka. Haraka ni ya mtu asiye na uhakika wa kufika. Mimi uhakika ninao, ndiyo maana nitakwenda nikiwa nimetulia. Nanyi fuateni mkiwa mmetulia. Tume imejiridhisha kwamba mashindano haya yatakuwa huru, ya haki, na mafupi."

Makofi yakapigwa. Magari yakajipanga: mbele Mcharuko na king'ora chake, nyuma yake Mheshimiwa, nyuma yao taifa. Bendera ikashushwa, na king'ora kikalia.

Sasa hapa ndipo Tume ilipokuwa haijafikiria sawasawa. King'ora kilipolia, washindani wote, bila mmoja kubaki, walifanya kile ambacho mikono yao ilifundishwa tangu ujana. Waliingia mtaroni. Waliingia kwa mstari ulionyooka, kazi safi isiyo na mfano, hata lile gari la mbao halikupata mkwaruzo. Wakazima injini, wakashuka, wakasimama wima, wakatabasamu. Watazamaji nao wakatabasamu. Masunga alikuwa ameshasimama wima alipokumbuka kwamba alikuja kushindana. Aliziangalia tairi zake mpya zikiwa kwenye tope na machozi yakamtoka, lakini tabasamu hakulitoa, maana msafara ulikuwa bado haujapita.

Barabara ikabaki na magari mawili.

Mheshimiwa alipotazama kwenye kioo na kuona kweupe nyuma yake, aliamini kwamba ameshawaacha wote kwa kipaji. Akakanyaga mafuta. Sikudhani akakanyaga zaidi. Mcharuko ikapiga ukelele iliokuwa ikiuhifadhi miaka yote ya kubeba mikate, ikaikata kona ya kwanza kwa tairi mbili, ya pili kwa matumaini. Kwenye redio ya mawasiliano sauti ya Mheshimiwa ikasikika.

"King'ora! Punguza! Umekwenda mbali mno!"

"Mheshimiwa, nikipunguza utanigonga, na kukugongesha ni kosa."

"Basi nami siwezi kupunguza! Watu watasema nini? Chai imenimwagikia!"

"Pole sana, Mheshimiwa."

Alifika. Sikudhani alifika peke yake, akiwa mbele kwa mbali kabisa, na upepo wa ziwa ukimpiga usoni kupitia dirisha lisilofungika. Mtangazaji wa redio ya taifa, aliyekuwa na familia ya kulisha, alisema: "Na naam, wasikilizaji, king'ora cha Mheshimiwa kimewasili salama. Sasa tunamsubiri mshindi."

*

Tume ikakaa kuamua, nayo hukaa vizuri zaidi penye pilau. Sikudhani na shangazi yake walisubiri nje wakiwa wameshikana mikono, na watu wengi, wamejaa tope la mtaroni, walisubiri pamoja nao bila kusema kwa nini.

Mwishowe Bwana Hewala akatoka. Hakumtazama Sikudhani.

"Tume imejiuliza," alisoma, "mtu akiingia mlangoni, kinachotangulia ni nini? Ni pua. Je, tunasema pua imefika na mtu amechelewa? Hatusemi. Gari la king'ora ni pua ya Mheshimiwa. Pua ikifika wa kwanza, Mheshimiwa amefika wa kwanza. Na kwa kuwa Mheshimiwa mwenyewe alifika baadaye, amefika wa pili pia. Tume inampongeza kwa nafasi zote mbili."

Kombe kubwa akapewa Mheshimiwa, na dogo pia. Sikudhani akapewa kanga yenye picha ya Mheshimiwa akiwa ndani ya gari.

Iliuma. Haina haja ya kuipamba. Binti aliingia ndani ya Mcharuko, akajifungia, akalia kwa kwikwi juu ya usukani. Bi Kidawa alimwambia Bwana Hewala jambo moja kuhusu pua ambalo siwezi kuliandika hapa, na Bwana Hewala kwa mazoea akaitikia, "Ndiyo, mama."

Lakini aliporudi ofisini, Bwana Hewala hakuweza kula. Zipo njia nyingi za kutubu, na yake ilikuwa ya kiofisi. Alimwendea Waziri, akainama, akasema: "Mheshimiwa, safari njema ya ng'ambo. Ila kuna jambo dogo. Huko utafikaje bila pua?"

Mheshimiwa akajishika usoni. Jambo lenyewe lilikuwa kweli na lilitisha. Hajawahi kwenda hata msalani bila kutanguliwa. Basi ikaamriwa kwamba Sikudhani naye aende, pamoja na king'ora, na kwa kufuata utaratibu akatangulizwa kwa ndege ya asubuhi.

*

Shule ile ya ng'ambo iliongozwa na mama mmoja mrefu, mkavu wa maneno, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa na kovu la moto. Aliwaambia vijana waliotoka kila pembe ya dunia kwamba magari yote ni ya shule, yote ni sawa, na watakaobaki ni wanne wa mwanzo. Wengine watarudi kwao na kumbukumbu nzuri. Alipokiona king'ora kimefungwa kwa kamba juu ya gari la Sikudhani, aliuliza hicho ni nini.

"Ni cha yule mzee nyuma yangu," alisema Sikudhani.

"Anaumwa?"

"Kidogo."

Bendera ikashushwa. King'ora kikalia. Vijana wale waligeuza shingo kutafuta mgonjwa, hawakumwona, wakaondoka kwa kishindo. Mheshimiwa hakuondoka. Alikaa kwenye mstari akisubiri barabara isafishwe, kama ilivyo ada. Na kweli baada ya muda mfupi ikawa safi, kwa kuwa wote walikuwa wameshakwenda. Akaridhika. Akaanza kusonga mbele kwa mwendo wa harusi, mkono mmoja nje ya dirisha, akiwapungia watu.

Mbele huko Sikudhani alikuwa katika vita vyake. Kijana mmoja alimjia kwa nyuma akitaka kupita, na king'ora kilikuwa kinalia juu ya kichwa chake mwenyewe, na mikono yake, mikono ileile iliyomudu Mcharuko, ikaanza kugeuza usukani kuelekea kwenye majani. Ilikuwa ikitafuta mtaro. Tairi moja ilishagusa majani alipozinduka. Hakukuwa na mtaro. Hakukuwa na msafara. Aliyekuwa akimpisha ni yeye mwenyewe.

"King'ora, nisubiri," ilisema redio. "Naomba unisubiri, binti. Huku hawatabasamu."

Alimwonea huruma, kweli. Kisha akanyoosha kidole, akazima king'ora, akazima na redio.

Hajawahi kusikia kimya kitamu namna ile, kimya chenye injini peke yake ndani yake. Yule kijana akampita. Sikudhani akapiga kelele kwa furaha, akamfuata, akampita. Akapitwa tena, na mwingine, na mwingine. Naye akawapita waliokuwa mbele yake mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeshuka, na hakuna aliyeomba radhi, na mwisho walipeana mikono yenye jasho, na yule mama mwenye kovu akamwonyesha vidole vinne.

*

Jioni hiyo redio ya taifa ilikata taarabu katikati. "Heshima ya nchi yetu imepaa," ilisema. "Katika mashindano ya ng'ambo leo, Mheshimiwa Daktari Makeke Fungafunga amepewa msafara ambao hakuna kiongozi amewahi kupewa. Magari yote ya mashindano, bila kubaki hata moja, yalimtangulia."

Simu ya Bi Kidawa ikaita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia redioni umemtangulia Mheshimiwa, wewe na wazungu."

"Ndiyo, shangazi."

"Achana na hayo. Umekuwa wa ngapi?"

"Wa nne. Wamenibakiza."

Bi Kidawa aliketi juu ya gunia la unga. "Wa nne wa kupewa, au wa nne wa kweli?"

"Wa kweli. Watatu wamenipita, shangazi, na sikuwaweza."

"Wamekupita! Na hukuingia mtaroni?"

"Sikuingia."

Bi Kidawa alitoka barabarani na unga wake mikononi, akapiga vigelegele mpaka watu wakatoka majumbani, Masunga mfugaji akiwamo, aliyekuwa amekuja kununua mkate. Walimuuliza binti ameshinda nini.

"Hajashinda kitu," alisema Bi Kidawa, machozi yakimtiririka. "Amepitwa. Mtoto wangu amepitwa na watu watatu!"

Wengi hawakuelewa, wakampa pole. Masunga peke yake alisimama akifikiri, mkate mkononi, bila kutabasamu hata kidogo, kisha akauliza nafasi nyingine itatangazwa lini.